Mstari Mweupe wa Ipogolo

Usiniambie kwamba niliota. Wengi wameshaniambia hivyo, na wengine wakaongeza kwamba labda nilikuwa na homa, au nilitafuta njia ya kumchafulia mtu jina. Sikuota. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, taa zinawaka, na mkononi nilikuwa nimeshika bisibisi. Mimi ni fundi. Vitu ninavyoviamini ni vile ninavyoweza kuvifungua, nikaona ndani, nikavifunga tena. Kama mtu angenisimulia mimi kisa hiki ningemsikiliza kwa adabu, halafu ningeinama niendelee na kazi yangu. Lakini sikusimuliwa. Kilinikuta.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka moja la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kutengeneza printa. Si zile kubwa za ofisini zenye wino. Zangu zilikuwa ndogo, zisizojua wino kabisa, kama ile inayokutolea risiti ukinunua sukari. Ndani yake kuna kitu tunakiita kichwa, ubapa mwembamba wenye vinundu vidogo sana vya kupasha moto, vimepangana kama meno ya kitana. Karatasi inapita juu yake, kinundu kikipata moto karatasi inaungua kidogo hapo na kuwa nyeusi. Basi, hakuna cha zaidi. Kinundu kikifa, pale kinapogusa hapaungui tena, na kila karatasi itakayotoka itakuwa na mstari mweupe kutoka juu hadi chini. Kwenye risiti ya sukari mstari huo haumuumizi mtu. Utasoma hivyo hivyo, utaelewa, utaitupa.

Lakini printa za namna hiyo ziko pia kwenye vituo vya afya. Zinakaa chini ya mashine ya ultrasaundi na kutoa picha ya mtoto aliye tumboni. Huko mstari mweupe ni jambo lingine.

Bosi wangu alinituma Iringa, kwenye kituo kimoja cha watu binafsi pale Ipogolo, bondeni, barabara kuu inapopita kabla hujapanda kwenda mjini. Sitakitaja jina. Mwenyewe alikuwa mzee wa heshima, msomi, mtu wa kukaa kiti cha mbele kanisani, na kwa kuwa kila mtu alimwita Dokta, na mimi nitamwita hivyo. Aliniangalia nikiwa mlangoni na begi langu la vifaa, akaangalia nyuma yangu, akauliza fundi yuko wapi. Nilimwambia fundi ni mimi. Alisema haya, ingia binti, lakini kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai ya baridi.

Aliyekuwa ameita fundi kwa kweli hakuwa yeye. Alikuwa nesi mmoja anaitwa Winfrida, mama wa makamo, mkimya, mwenye tabia ya kukunja mikono ya sweta lake mpaka kwenye viwiko hata kukiwa na baridi. Winfrida ndiye aliyepiga ultrasaundi. Alikuwa amefundishwa kupitisha kifaa tumboni na kutoa picha. Kuisoma picha na kuandika majibu ilikuwa kazi ya Dokta, na Dokta alikuwa na vikao vyake na shamba lake la nyanya Ilula. Akipita jioni anakuta picha zimepangwa mezani, anazisoma, anaandika, anaondoka. Mama mjamzito hakumwona Dokta, na Dokta hakumwona mama. Kitu pekee walichokutana nacho wote wawili kilikuwa kile kipande cha karatasi. Shika jambo hilo, maana ndipo kisa chote kilipo.

Nilianza kazi kama ninavyoanza siku zote, kwa kupiga testi. Printa zote zina ukurasa wa majaribio ndani yake. Unabonyeza kitufe, inatoa yenyewe bila kuletewa picha. Kwanza kinatoka kipande cheusi tii, ili uone kama moto unaenea sawasawa. Halafu ngazi ya kijivu, kutoka nyeupe kidogo kidogo mpaka nyeusi, kila hatua inapaswa kuonekana peke yake. Halafu mistari myembamba iliyosogeleana, na mwisho vyumba vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti. Mtu asiyejua ataona ni mapambo. Mimi naona mashine inasema inaumwa wapi.

Ile ya Ipogolo ilikuwa inaumwa vibaya. Mstari mweupe, mnene kama kijiti cha kiberiti, ulipita upande wa kulia kutoka mwanzo hadi mwisho wa karatasi. Na ngazi ya kijivu haikuwa ngazi tena. Pale katikati hatua zote zilikuwa zimeungana, kijivu kimoja kilichovurugika, huwezi kujua wapi kitu kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Winfrida alisimama nyuma yangu akiangalia. Hakusema nilikwambia, ingawa najua alikuwa ameshalalamika sana. Alivuta tu pumzi kwa pua.

Nilimpelekea Dokta ile karatasi ofisini kwake. Nilimweleza kwa upole kwamba kichwa kimekufa, kinahitaji kubadilishwa, na kwamba mpaka kibadilishwe wasisome majibu ya mtu kwenye karatasi hizi. Aliiangalia kwa mbali. Alisema mashine zote zina mikwaruzo kidogo, na kwamba ninyi mafundi mkitumwa kufuta vumbi lazima mrudi na kitu cha kuuza. Nifute kwa spiriti, nipige testi tena, nibandike kile kibandiko chetu kinachosema mashine imekaguliwa na iko sawa, niende zangu. Yeye anatoka kula.

Nilirudi kwenye kile chumba. Nje kwenye korido alikuwepo mama mmoja tu kwenye benchi, mjamzito, anasubiri zamu yake. Winfrida alikuwa ameitwa chumba cha kujifungulia. Nilichomoa waya unaoleta picha kutoka kwenye ultrasaundi, nikauweka mapajani, nikafungua kifuniko na kuanza kufuta kichwa kwa pamba. Mvua ilikuwa inanyesha tangu jana yake bila kupumzika, ile mvua ya kugonga bati mpaka unasahau ulichokuwa unawaza.

Hapo ndipo alipoingia.

Sikusikia mlango. Niliinua macho nikamwona ameshasimama karibu na kiti, mwanamke wa umri wangu, sweta la kijani, kitenge cha njano, kilemba kimefungwa haraka haraka kama cha mtu aliyetoka jikoni. Tumbo lake lilikuwa kubwa, la mtu aliyekaribia.

"Kamwene, dada," aliniambia.

Mimi ni Mnyakyusa lakini salamu ya Wahehe naijua. Nilimjibu, nikamwambia nesi ametoka kidogo, akae, atarudi.

"Sijaja kwa nesi," alisema. "Nimekuja kwa hiyo." Akaonyesha printa.

Akakaa. Nilitazama miguu yake, si kwa sababu ya mashaka, ni kwa sababu nilikuwa nimeinama. Alikuwa amevaa kandambili, na miguu ilikuwa na vumbi. Vumbi jekundu, kavu, lile la mwezi wa tisa ukitembea pembeni ya barabara na malori yanapita. Nilijiambia labda ameshushwa na bajaji mlangoni. Mtu akishushwa mlangoni hawezi kulowa, si ndiyo? Lakini vumbi alilitoa wapi, wakati Iringa nzima ilikuwa matope? Swali hilo lilikuja, likapita. Siku ya kazi unaacha maswali mengi yapite.

Aliniuliza ninafanya nini. Nilimweleza, maana alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilimwonyesha ile testi ya asubuhi, kipande cheusi, ngazi, mistari, drafti. Alisikiliza yote. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mweupe.

"Na hapa?"

Nilimwambia hapo ndipo kichwa kilipokufa. Mashine yenyewe inaona, kwenye kioo kile cha juu kila kitu kipo. Ni karatasi ndiyo haioni.

"Kwa hiyo kitu kikikaa hapo," alisema polepole, "mtu akishika karatasi atasema hakuna kitu."

Nilimwambia ndiyo, ni hivyo. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa na hesabu yake na sasa imepata jibu. Hakukasirika. Niamini, ningependa sana angekasirika.

"Toa nyingine," alisema.

Nilifunga kifuniko nikabonyeza. Ukurasa ulitoka, nikauinua kwenye taa, na sikuelewa ninachokiona. Hakukuwa na mstari. Kile cheusi kilikuwa cheusi chote, ukingo hadi ukingo. Ngazi ya kijivu ilipanda hatua kwa hatua, hata zile hatua za mwisho zinazotaka kufanana na nyeupe zilisimama kila moja peke yake. Hata printa mpya ikitolewa kwenye boksi haitoi hivyo. Nilibonyeza tena. Ikatoka vile vile. Vinundu vilivyokufa havifufuki kwa pamba na spiriti, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, lakini nilifurahi. Nilimwambia ameniletea bahati.

Hakucheka. Alinyanyuka, akaweka kiganja juu ya printa, kama mama anavyopima joto la mtoto kwenye paji la uso.

Printa ikaanza kutoa karatasi.

Sikuwa nimebonyeza kitu. Waya wa ultrasaundi ulikuwa mapajani kwangu, ncha yake naiona. Na kilichokuwa kinatoka hakikuwa testi. Ilikuwa picha. Ilikuja taratibu kutoka juu, kwanza jina na tarehe pembezoni kama zinavyoandikwa, halafu giza la tumbo, halafu mtoto. Nimeona picha nyingi za namna hiyo kazini, nyingi unaambiwa hapa ni kichwa na unakubali tu kwa heshima. Hii ilikuwa tofauti. Niliona pua. Niliona mkono umekunjwa chini ya kidevu.

Mwanamke aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa kubwa lakini sauti yake niliisikia vizuri.

"Ona, yeye hana kosa lolote," alisema. "Amekaa vizuri tu." Kisha akashusha kidole mpaka chini, upande wa kulia, kwenye kitu cha kijivu kilichotanda kama wingu. "Na hiki ndicho kilichokuwa mlangoni."

Nilimwambia mimi si nesi, sijui kusoma hayo, asubiri Winfrida aje amweleze.

"Nimeshasubiri, dada."

Alisema hivyo tu. Akazunguka kiti, akatoka. Nilikaa na ile karatasi mkononi, ina joto bado. Halafu akili ikanirudia, nikasimama nikakimbilia koridoni. Yule mama kwenye benchi alikuwa peke yake. Nilimuuliza aliyetoka sasa hivi ameelekea wapi. Aliniambia hakutoka mtu, na hakuingia mtu, tangu nesi aondoke. Alinitazama kwa namna ambayo nimekuja kuizoea.

Winfrida aliporudi nilimpa picha. Nilitaka aniambie ni kitu cha kawaida, kwamba mashine inahifadhi picha za zamani na kuna wakati inazitoa zenyewe. Aliishika kwa mikono miwili. Alisoma jina. Kisha akakaa, si kwenye kiti, alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, na hapo alipokaa niliona lile vumbi jekundu, alama za kandambili kwenye vigae vyeupe, kutoka kwenye kiti mpaka kwenye printa. Aliliona na yeye.

Aliniambia hivi. Huyo ni Yudita, kutoka kijiji kimoja huko juu, upande wa Kalenga. Alikuja kiangazi kilichopita, akapimwa hapa hapa. Winfrida aliona kitu kwenye kioo, kondo la nyuma lilikuwa limeshuka chini sana, kama limeziba njia ya mtoto, lakini hakuwa na uhakika, na hakuruhusiwa kutoa majibu. Alimwomba Dokta aitazame picha kwa makini. Picha ilikuwa na mstari, na mstari ulipita hapo hapo, na kijivu kilichobaki kilikuwa kimoja. Dokta aliandika kila kitu kiko kawaida. Yudita alifurahi, akarudi nyumbani. Uchungu ulipomjia, damu ilitangulia. Mume wake alimpakia kwenye pikipiki, na kati ya kule mlimani na hospitali kubwa ya mjini alikuwa ameshaondoka, na mtoto akiwa bado tumboni.

"Hii ndiyo picha tuliyopaswa kuwa nayo," Winfrida alisema. Hakulia. Alikunja tu mikono ya sweta.

Tulikuwa bado pale Dokta aliporudi, anapangusa mvua begani. Aliuliza nesi anafanya nini sakafuni. Kisha akaiona picha, akaichukua kutoka mikononi mwake. Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kumwona Yudita siko ninakokuita ajabu. Ajabu ni hii.

Alivua miwani, akaisogeza karatasi karibu na uso. Alisoma pale pembezoni. Najua alisoma, niliona midomo yake ikitembea kidogo. Nilidhani tutasikia neno la kibinadamu. Kisha akakunja ile pembe yenye jina na tarehe, akapitisha ukucha kwenye mkunjo mara mbili ili unyooke, akaichana taratibu. Kile kipande kidogo akakitia mfuko wa shati.

"Safi kabisa," alisema. "Si ulisema kichwa kimekufa?"

Nilibonyeza testi mbele yake. Ukurasa ukatoka, na mstari mweupe ulikuwa umerudi, mnene vile vile, na ngazi ya kijivu imevurugika vile vile. Nilimnyooshea. Hakuipokea.

"Dokta," nilimwambia, "umesoma jina."

"Jina gani?" alisema.

Nilimtazama Winfrida. Alikuwa anatazama vigae. Simlaumu, alikuwa na watoto wanasoma. Dokta aliniambia nibandike kibandiko changu niende nyumbani, mvua isije ikafunga njia. Nilikataa. Nilikusanya vifaa vyangu, nikamwambia mashine hii haiko sawa na mkono wangu hautaandika kwamba iko sawa. Alitoa simu, akampigia bosi wangu nikiwa hapo hapo, akaongea naye kwa kicheko.

Kabla sijaondoka niliona Winfrida amemwinamia yule mama wa kwenye benchi. Alikuwa anamwambia kwa sauti ya chini asipime hapa, apande mjini kwenye hospitali kubwa, aende leo leo. Ndilo jambo la ujasiri kuliko yote yaliyofanyika siku ile, na unajua lilimletea nini? Nilikuja kusikia baadaye kwamba yule mama alikwenda. Akapimwa, akakutwa hana tatizo lolote. Kesho yake alirudi na mume wake, wamekasirika, kwa nini wamesumbuliwa kwenye mvua na kutiwa hofu bure. Dokta aliwaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, na Winfrida akaambiwa asirudi tena kazini.

Mimi nilipoteza kazi pia, ila kwa utaratibu zaidi. Bosi wangu alipanda mwenyewe basi kwenda Iringa, akabandika kibandiko, akarudi, akaniambia duka linahitaji watu wanaojua kuishi na wateja. Sasa hivi niko Mbalizi, chini ya baraza la duka la mbegu, natengeneza vimashine vya risiti na mizani ya sokoni. Ni kazi halali. Ila tangu siku ile kuna jambo moja linanifuata. Mashine yoyote nikiipigia testi nikiwa peke yangu, hata iliyokanyagwa na gari, ukurasa wa kwanza unatoka safi, bila doa. Ukweli unatoka kwenye wa pili. Kwa hiyo napiga testi mbili kila mara, na wateja wananiambia nachezea karatasi zao. Sijawahi kumweleza mteja yeyote kwa nini. Ningemwelezaje?

Nilidhani yameishia hapo. Mwaka uliofuata nilikuwa natoka msibani Dodoma, basi likasimama Ipogolo kushusha mizigo, na miguu yangu ikashuka bila kuniuliza. Nilikwenda hadi kwenye kile kituo, nikajifanya naulizia dawa. Kimepakwa rangi mpya. Mapokezi kuna viti vya kisasa. Na ukutani, mbele kabisa, kwenye fremu ya kioo, ilikuwepo ile picha. Chini yake yamewekwa maneno makubwa ya kuwakaribisha akina mama kwenye huduma ya picha za kuaminika. Mtoto wa Yudita, pua yake, mkono chini ya kidevu. Ametumika kuwaita wengine.

Karatasi ile haidumu, hilo fundi yeyote atakwambia. Ikikaa kwenye mwanga inapauka, inakuwa ya njano, miezi michache tu na hakuna kitu. Na fremu ile ilikuwa inatazamana na dirisha, jua la asubuhi linaipiga moja kwa moja. Lakini picha ilikuwa kama imetoka sasa hivi. Hata kule chini kulia, kile kijivu kilichotanda mlangoni, kilionekana wazi kwa yeyote anayejua kusoma. Na wahudumu wote wanaopita mapokezi pale wanajua kusoma. Nani alikuwa ameitazama?

Mmoja alikuwa anaitazama. Mwanaume mwembamba, koti la mvua, mabega ya mtu anayebeba mbao, amesimama karibu na ukuta na kofia mkononi. Nilipomsogelea alinisalimu, na tukaongea kidogo. Jina lake Gaudensi, mume wa Yudita. Winfrida alikuwa amemwendea kijijini baada ya kufukuzwa, akamweleza yote, mpaka kipande kilichochanwa. Gaudensi alikuwa amemfuata Dokta, akaulizwa ana ushahidi gani kwamba mtoto yule ni wake; watoto wote tumboni wanafanana. Kwa hiyo sasa kila anaposhuka kuleta mbao anapita hapa, anasimama kidogo, anaondoka. Hawakuwahi kumfukuza, maana anavaa vizuri na hana kelele.

Tukiwa tunaongea, binti wa mapokezi, mpya, mwenye adabu, aliinua kichwa akamuuliza:

"Shikamoo baba. Mama yuko wapi, nimwandikishe?"

Gaudensi alimwitikia. Kisha akasema, bila kuondoa macho ukutani, "Yuko ndani. Namsubiri."

Binti akasema sawa, akamletea kiti.

Nilitoka nje. Sikumwambia Gaudensi kwamba nilimwona mke wake, kwamba alinisalimu, kwamba alisema mtoto hana kosa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au woga. Nilipanda gari lingine, na mpaka Makambako nilikuwa bado nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mkono mmoja kama mtu anayetaka kushuka.

Sasa wewe unayenisikiliza, na hasa kama una mke, au dada, au una tumbo mwenyewe. Ukipewa picha, usiikunje na kuitia mkobani kwa furaha. Ifungue hapo hapo, mbele ya aliyekupa. Ukiona mstari mweupe, hata mwembamba, uliza nyuma yake kuna nini, na usinyanyuke kwenye kiti mpaka mtu atazame kioo na kukujibu kwa mdomo wake. Watakuona msumbufu. Kubali kuwa msumbufu.

Na kama safari yako itakufikisha Ipogolo, ukaingia mahali ukakuta ukutani picha ya mtoto iliyo safi kuliko zote ulizowahi kuziona, tafadhali usiisifie kwa sauti. Kwanza geuka uangalie nani amesimama karibu yako.